Akwariamu ya samaki wa Tanganyika mjini Bukavu: nani akae na nani?

Mama mmoja wa Nguba, Bukavu, ameachiwa tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 45. Shemeji yake hushuka Uvira mara kwa mara na yuko tayari kumletea samaki hai wa Ziwa Tanganyika. Mama anatamani kuweka pamoja frontosa mwenye nundu, trofeusi, wale wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, na mbuna wa njano wa Ziwa Malawi ambao muuzaji mmoja amemwahidi. Anauliza kama wanapatana, kama anaweza kutumia maji ya Ziwa Kivu, na afanye nini umeme ukikatika usiku kucha.

Mama, kati ya hao wanne ningekuachia mmoja tu: wale wadogo wa maganda. Najua jibu hilo halimpendezi mtu aliyekwisha kuona picha za rangi zote hizo ndani ya kioo kimoja. Lakini siklidi wa Afrika, yaani jamii ya samaki ambamo wote hao wanne wamo, hawachaguliwi kwa rangi. Angalia wanakula nini, kisha angalia wanashikilia eneo kwa ukali gani. Ukikosea hapo, maji yako yawe safi namna gani, utakuwa ukitoa maiti kila wiki.

Tangi lako ni lita 216 kwa hesabu. Ukishaweka mchanga na mawe na kuacha nafasi kidogo juu, maji yatabaki kama lita 180. Si haba. Ila siklidi wa miamba hawagombanii maji, wanagombania chini: pango hili ni la yule, mchanga kuanzia jiwe lile ni wa huyu, na akivuka mwenzake atafukuzwa. Kwa hiyo ulichonacho cha kuwagawia ni sakafu ya sentimita 120 kwa 40. Uzuri ni kwamba tangi lako ni refu, na urefu unafaa kuliko kimo.

Frontosa tumwache kwanza. Analetwa akiwa na urefu wa kidole, anafika sentimita 30 na kuzidi. Anataka kuishi kwa kundi, na ziwani hula samaki wadogo anaowavizia mwanga ukiwa hafifu. Chini ya lita 500 utakuwa umemfunga tu, na siku akikua, samaki wako wa maganda watamalizikia tumboni mwake.

Trofeusi ni habari ndefu zaidi, kwa sababu ndiye anayewaumiza wengi roho. Samaki huyu hukwangua mwani juu ya miamba kutwa nzima, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya chakula hicho. Ukimlisha dagaa, minyoo au vyakula vyenye nyama nyingi, tumbo huvimba, kinyesi huwa cheupe na chembamba, anaacha kula, na mara nyingi haponi. Sasa hao wengine unaowataka ni walaji wa wadudu na kamba wadogo. Ndani ya tangi moja hutaweza kumzuia trofeusi asile chakula cha jirani. Halafu yeye huwekwa kwa kundi la kumi na wawili au zaidi, kwa sababu wakiwa wachache, dume mkubwa humchagua mmoja na kumfukuza mpaka afe. Samaki mzuri sana, ila anataka tangi lake peke yake, kubwa kuliko hili, na mfugaji aliyekwisha kuzoea.

Mbuna nao wanatoka ziwa jingine, mbali kusini. Wengi husema tatizo ni maji. Mimi naona maji ndiyo sababu ndogo: ya Malawi yana pH (kipimo cha asidi ya maji, ambapo 7 ni katikati na juu yake asidi hakuna) ya kama 7.7 hadi 8.6, ya Tanganyika 8.6 hadi 9.2, na samaki wa pande zote mbili wanaweza kuvumilia hapo katikati. Tatizo ni tabia. Mbuna ni wepesi, wakali, na kwenye akwariamu hujazwa kwa wingi makusudi ili ugomvi usimwangukie mmoja. Samaki wadogo wa Tanganyika wanataka kinyume chake: wachache, kila jozi na mahali pake, utulivu. Ukiwachanganya, hao wa maganda hawatatoka nje hata kula. Mwambie muuzaji wako asante, na ubaki na ziwa moja.

Nikiwa mimi, tangi hili ningeligawa hivi. Upande wa kushoto, rundo la mawe linalopanda karibu na uso wa maji, lenye nyufa nyembamba nyingi. Hapo itakaa jozi moja ya Julidochromis marlieri, samaki mrefu mwembamba mwenye madoadoa meusi na meupe, anayepatikana kaskazini mwa ziwa, upande wenu. Jina lake linamkumbuka Georges Marlier, Mbelgiji aliyefanya utafiti Uvira miaka ya 1950. Usijaribu kuwaoza mwenyewe dume na jike, kwa maana wasipopendana wanauana. Chukua wadogo sita, waache wakue pamoja, na jozi ikishajitenga na kuanza kuwafukuza wenzao, watoe hao wengine siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Upande wa kulia acha mchanga mtupu, usiopungua sentimita 40 kwa urefu, na utawanye maganda kumi na tano hivi ya konokono. Hao ni wa Lamprologus ocellatus: dume mmoja na majike wawili au watatu. Hawazidi sentimita sita, lakini atakuja kukuuma kidole ukiingiza mkono. Huchimba mchanga, huzika ganda lake mpaka ubaki mlango tu, na jike hutagia humo ndani. Nakushauri uweke kiti mbele ya upande huo, kwa sababu hutachoka kuwatazama. Ila muuzaji wa Uvira akikuonyesha dume mkubwa wa Lamprologus callipterus, kataa. Dume huyo naye hukusanya maganda, lakini huyabeba kwa mdomo na kuyarundika kwake, na anaweza kumzidi jike wake uzito mara kumi na zaidi. Atawanyang'anya ocellatus nyumba zote.

Juu, mahali ambapo hao wa chini hawafiki, weka Paracyprichromis nigripinnis wanane au kumi. Ni wapole, wana mistari ya buluu inayowaka taa ikiwa hafifu, na hupenda kuelea karibu na ukuta wa mawe. Ukiwakosa hao, acha juu pakae patupu. Usijaze kwa samaki wa ovyo. Ukipenda unaweza kuongeza Altolamprologus compressiceps wawili, wakiwa bado wachanga. Ni samaki bapa mwenye mwendo wa taratibu, anayepenya kwenye nyufa kutafuta mawindo. Atakula baadhi ya vifaranga, na hilo litakusaidia kuliko unavyodhani, maana baada ya mwaka swali lako halitakuwa "watazaa lini" bali "nitawapeleka wapi".

Kuna njia nyingine ambayo naipenda hata kuliko hiyo, hasa kwa mtu anayeanza. Weka aina moja tu, Neolamprologus brichardi, samaki wa rangi ya maziwa mwenye mapezi yanayoishia nyuzi ndefu nyeupe. Wanasayansi wamewachunguza miaka mingi kwa sababu ya malezi yao. Watoto wakikua hawaondoki. Wanabaki kwa wazazi, wanasafisha mayai ya wadogo zao, wanachimbua mchanga kwenye pango la familia na kumkabili adui. Utaona vizazi vitatu ndani ya kioo kimoja. Kwa nini basi sikuwaweka kwenye mpango wa kwanza? Kwa sababu ukoo wao ukishaongezeka, unateka tangi zima na kuwabana wageni wote kwenye kona ya juu. Brichardi peke yao, raha. Brichardi na wengine kwenye sentimita 120, matanga.

Sasa maji. Ndiyo, mama, maji ya Kivu yanaweza kutumika, na uko mahali pa heri kwa jambo hilo. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, jirani kabisa na ya Tanganyika, na chumvichumvi zake ni karibu mara mbili ya zile za Tanganyika. Kwa hiyo kadirio la kuanzia ni nusu kwa nusu na maji ya bomba, mpaka utakapopima. Ile gesi ya methani na kaboni dioksaidi inayosemwa sana imefungiwa kwenye vilindi. Maji ya juu hayana shida hiyo. Shida ni uchafu wa mji. Usichote kwenye ghuba za Bukavu zinapoingia mifereji, wala penye sabuni na mafuta ya mitumbwi ya injini. Mwombe mvuvi akuchotee akiwa mbali na ufuko, ndani ya bidoni safi ambazo hazijawahi kubeba mafuta wala dawa. Yachuje kwa kitambaa, yaache yatulie siku mbili, kisha uyatumie.

Maji ya bomba yenyewe yaweke kwenye beseni pana usiku na mchana ili klorini itoke, ikiwezekana pampu ya hewa ikipuliza ndani. Usikisie ugumu wake wala pH yake. Tafuta vijikaratasi vya kupimia, hata kama utaviagiza Kigali au Bujumbura. Maji yakiwa mepesi, mawe ya chokaa na maganda yenyewe yatayapandisha polepole. Bikarbonati ya duka la dawa nayo hupandisha pH, ila iwe bikarbonati tupu. Hamira ya unga ya kuokea keki imechanganywa na asidi, usiithubutu.

Mawe ya Bukavu ni ya volkano, meusi na mazito, nayo hayabadilishi maji, ni mazuri. Ukiokota jiwe usilolijua, lidondoshee siki au ndimu: likitoa povu lina chokaa, na kwa samaki wa Tanganyika hilo linafaa. Mawe ya kukwepa ni yale yanayotoka machimboni, yenye mishipa ya madini inayong'aa au kutu. Na kwa wasomaji wa Lubumbashi watakaosoma hapa: malakiti ya kijani ni ya kupendeza mezani, lakini ni shaba, na shaba ndani ya maji ni sumu ya samaki. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, yakitenganishwa nacho na kipande cha plastiki laini, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake na yataanguka. Mchanga uwe laini, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kina cha sentimita tano. Kumbuka pia kwamba tangi likijaa litakuwa na uzito wa karibu kilo 300. Meza ya kawaida ya sebuleni haitoshi. Na dirisha la jua lisiwe nyuma yake.

Hapa nakuomba unisome polepole, kwa maana ndipo samaki wengi wa Tanganyika hufia. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wanaoota kwenye sponji na mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia mpaka utakapobadili maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Kila mfugaji huambiwa hivyo, lakini wewe una sababu ya ziada. Amonia iko katika sura mbili, na ni moja tu inayoua kwa haraka. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 25, sehemu inayoua haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia tano. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Yaani uchafu uleule ambao samaki wa mtoni angeishi nao, kwenye tangi lako ni mauti.

Kwa hiyo endesha tangi bila samaki mwezi mmoja na nusu. Tia kichujio, washa hita, na kila baada ya siku mbili dondosha chakula kidogo kioze humo. Ukimjua mtu Bukavu mwenye akwariamu yenye samaki wazima, mwombe sponji yake moja iliyotumika, itakufupishia safari. Pima mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, ndipo uwaze samaki. Baadaye badili robo ya maji kila wiki, na sponji uisuuze kwenye maji uliyotoa ndani ya tangi, kamwe si chini ya bomba, ili klorini isiue bakteria.

Umeme unaokatika ndio umenifanya nikupangie samaki wachache. Kinachowatishia kwanza ni hewa, baridi inafuata nyuma kabisa. Maji lita 180 hupoa taratibu. Bukavu usiku ni baridi, lakini ukifunika tangi kwa blanketi pande zote na kuacha juu pumzi kidogo, litafika asubuhi likiwa nyuzi 21 au 22, na samaki watastahimili. Hita iwe ya wati 200, yenye kujizima yenyewe, uiweke kwenye 25. Kuhusu kichujio, usinunue kile cha mtungi uliofungwa. Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria ndani yake hukosa hewa na kufa, na umeme ukirudi mtungi huo hutapika uchafu wote kwa samaki. Nunua vichujio viwili vya sponji vinavyosukumwa na pampu ya hewa. Ni vya bei ndogo, na kwa kuwa sponji iko ndani ya maji ya tangi, bakteria wake hudumu zaidi. Kisha tafuta pampu ndogo ya hewa ya betri, au uunganishe ya volti 12 na betri inayochajiwa na paneli ya jua. Pampu hiyo hula umeme kidogo kuliko taa nyingi. Siku ambayo umeme haueleweki, usilishe. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku tatu, lakini chakula kinachooza kwenye maji yasiyopuliziwa hewa kitawaua usiku mmoja.

Lishe yenyewe si ya gharama. Chembe za chakula cha siklidi kikipatikana, vizuri. La sivyo ndakala (dagaa) wakavu wasio na chumvi, waliosagwa na kupepetwa, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Siku moja katika wiki wafunge. Nyama ya ng'ombe usiwape, mafuta yake hawayawezi.

Safari ya kutoka Uvira inataka akili. Nyie mko kama mita 700 juu ya wenzenu wa Tanganyika, na njia hupanda kwenye baridi. Samaki wasile siku mbili kabla. Kila mkubwa awe na mfuko wake, kwa sababu miiba ya mapezi hutoboa plastiki na kuchoma jirani. Maji theluthi moja, hewa theluthi mbili, na mifuko yote ndani ya sanduku la povu ili isipoteze joto. Shemeji asichukue samaki aliyevuliwa leo kutoka kilindini. Kibofu cha hewa cha siklidi hakina njia ya kutokea, hivyo akipandishwa haraka huvimba na kuelea kichwa chini. Achague waliokaa kwa mvuvi wiki nzima, wanaokula na kuogelea sawasawa.

Wakifika, usifuate ule ushauri wa kudondosha maji mfukoni saa nzima. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki wametoa kaboni dioksaidi, pH imeshuka, na amonia iliyojaa humo imelala. Ukifungua tu, gesi inatoka, pH inapanda, amonia inaamka. Elea mfuko ukiwa bado umefungwa kwa dakika ishirini ili joto lilingane. Kisha fungua, ongeza vikombe vichache vya maji ya tangi kwa dakika kumi, watoe samaki kwa wavu na umwage maji ya mfuko nje. Zima taa mpaka kesho yake. Paracyprichromis waingie kwanza, ocellatus baada ya wiki mbili, julidochromis mwisho. Mwenye nguvu akitangulia, atawakuta wengine ni wavamizi.

Jambo moja sikubali lifanyike hata kwa huruma: kumwaga vifaranga vya ziada Ziwa Kivu. Ruzizi inatoka kwenu na kushuka Tanganyika, lakini maporomoko yake yamewazuia samaki wa Tanganyika wasipande. Ndani ya Kivu kuna aina 15 za haplochromis, kundi jingine la siklidi, zisizopatikana kwingine duniani. Watu walikwisha kuleta sambaza, aina ya dagaa, kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye akawa kitoweo cha mji mzima. Lakini kule Victoria sangara alipandikizwa miaka hiyohiyo, na mamia ya aina za haplochromis yalitoweka au kubaki kidogo. Vifaranga wagawie wafugaji wenzako, na ukikosa wa kuwapa, punguza maganda na mawe ya kutagia.

Safari hii ya kwanza, basi, mtume shemeji vitu viwili tu: maganda ishirini yale matupu yanayookotwa ufukweni mwa Uvira, makubwa yenye mlango mpana, na taarifa kamili ya mvuvi gani anaweka samaki hai na ana aina zipi. Maganda uyachemshe dakika kumi na kuyasuuza vizuri, kwa maana konokono aliyekufia ndani ataharibu maji. Vichujio na hita vianze kufanya kazi wiki hiyohiyo. Ukipata vipimo vyako vya kwanza vya maji ya bomba na ya Kivu, niandikie namba zilivyo, nitakuambia uyachanganye kwa kiasi gani.